Vidole Vinne vya Maji

Fundi Hemedi wa kisiwa cha Jibondo alikuwa na sifa mbili ambazo hakuna aliyethubutu kumnyang'anya: chombo alichokitia kalafati yeye, yaani alichokiziba nyufa kwa pamba, hakivuji, na neno likishamtoka halirudi. Sifa ya kwanza ilimlisha. Ya pili ilimtia taabuni mara kwa mara, na taabu kubwa kuliko zote ilikuwa na miguu minne na sikio moja lililochanika, na aliitoa Mombasa mwenyewe.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tano. Tajiri mmoja wa Mombasa alikuwa na jahazi linalokunywa maji kila upande, akasikia habari za fundi wa Jibondo, akamwita. Hemedi hakuwa amewahi kuvuka mpaka. Alikuwa ameunda vyombo vilivyofika Lamu na Ngazija, lakini yeye mwenyewe safari zake ziliishia Kilindoni, kisiwa kikubwa cha jirani. Mkewe, Somoe, alimwagiza vitu viwili tu kutoka ng'ambo: doti ya kanga na chupa ya chai. Miaka ile maduka ya kwetu yalikuwa na rafu nyingi na bidhaa chache, kwa hiyo mtu akienda Mombasa alikwenda na maagizo.

Kule kwenye uwanja wa kuundia vyombo palikuwa na mbwa koko jike, mwekundu, mbavu nje, aliyezoea kulala kwenye maranda. Hemedi alimfukuza siku ya kwanza, na kesho yake alimkuta palepale. Akamfukuza tena na tena. Siku ya tano alimfukuza kwa kumtupia kichwa cha samaki, na hapo alikosea, kwa sababu mbwa hakuelewa kwamba anafukuzwa. Tangu siku hiyo Hemedi alipigilia pamba kwenye mbao huku kiumbe yule amelala chini ya jahazi, akifumba macho kwa raha kila nyundo inapolia.

Wiki moja kabla ya kazi kwisha ikapita habari kwamba mbwa wote wasio na wenyewe watapigwa risasi. Haikuwa maneno ya barazani tu. Siku mbili baadaye wakaja wanaume wawili, mmoja na bunduki, mwingine na mkokoteni ambao Hemedi alipouangalia mara moja hakutaka kuuangalia tena.

"Mbwa wa nani huyu?" akauliza mwenye bunduki.

Mbwa alikuwa amejibanza nyuma ya miguu ya Hemedi. Alitetemeka hata msuli aliouvaa fundi ukawa unatikisika pamoja naye. Hemedi alikuwa na nyundo mkononi, kofia kichwani, na adhana ya adhuhuri ilikuwa imetoka kuadhiniwa. Alijua jibu la kweli. Jibu la kweli lilikuwa fupi na rahisi, na angelitoa angerudi kwenye pamba yake.

"Wangu," akasema.

"Wako wewe? Na kofia yako hiyo?"

"Kofia yangu, na mbwa wangu."

Wale wawili walitazamana, wakacheka mpaka bunduki ikashushwa. "Haya mzee, basi ondoka naye. Keshokutwa tunapita tena, na tukimkuta hapa tutajua umetudanganya."

Kuambiwa kwamba amedanganya, hilo Hemedi hakuliweza. Kesho yake alfajiri alikuwa bandarini, ameacha kazi iliyobaki mikononi mwa mwanafunzi wa tajiri, anabishana na Nahodha Iddi aliyekuwa anang'oa nanga kwenda Kilindoni.

"Mbwa chomboni mwangu? Fundi, umepatwa na nini?"

"Nimeshasema ni wangu, Nahodha. Mbele ya watu wawili."

"Watu gani? Unawajua?"

"Siwajui. Lakini wao nimewaambia."

Nahodha Iddi alimjua Hemedi tangu utotoni, akaona asubuhi itaisha kwa ubishi. Mbwa akapelekwa omo, mbele kabisa ya chombo, mbali na maji na chakula, na Hemedi akaenda kukaa naye hukohuko siku nne. Chupa ya chai hakuwahi kuinunua, maana aliondoka maduka hayajafunguliwa. Kanga alikuwa nayo, lakini siku ya pili bahari ilichafuka, mbwa akachafuka zaidi, na kipande kimoja cha doti kikawa hakifai tena kuvaliwa na mtu. Kilindoni ofisa wa forodha alimuuliza ameleta nini kutoka nje ya nchi. Hemedi akajibu, "Kanga nusu doti, na mbwa." Ofisa alipekua fomu yake juu hadi chini, hakuona pa kumweka mbwa, akaandika "mengineyo" na kugonga muhuri.

Somoe alimpokea ufukweni. Alimtazama mumewe, akamtazama mbwa, akaitazama nusu doti.

"Baba Hasina," akasema taratibu. "Watu wakienda Mombasa huleta chupa ya chai."

"Najua."

"Hiki kinatunza chai ikawa moto?"

Hemedi akaeleza habari yote, na mkokoteni akautaja pia. Somoe alisikiliza mpaka mwisho, halafu akajifunga kanga vizuri na kusema, "Mimi na huyo hatujuani, wala hatutajuana," akageuka kwenda zake.

Sasa, asiyeijua Jibondo anaweza kujiuliza kelele zote hizi za nini. Kwa sheria ya dini, mbwa akilamba chombo cha kulia au kunywea, kinaoshwa mara saba, na mojawapo kwa maji ya udongo. Kwa watu wa kijiji cha Kanga, kule kisiwa kikubwa, ambao wakichimba wanapata maji, mara saba ni usumbufu tu. Jibondo ni mwamba mtupu. Maji ya kunywa yanavuka bahari kwa mashua kutoka kisiwa kikubwa, na kila kata ya maji ina mwenyewe kabla haijafika pwani. Jibondo kuosha chombo mara saba ni msiba.

Kwa hiyo jioni ileile baraza likaitishwa. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Sabiti, alikuwa mtu mwema aliyependa vitu vitatu: hotuba, bakora yake nyeusi, na tangi la kijiji. Tangi lilikuwa la saruji, la mraba, kimo chake kiunoni, limejengwa na wanakijiji wenyewe kwa kujitolea. Ndugu Sabiti alilipenda kama aliyelizaa. Kila siku hakosi kulifunua, kuchungulia, kutikisa kichwa kwa kuridhika, na kulifunika.

"Ndugu Hemedi," akaanza, "sisi tumeandikishwa kijiji cha ujamaa. Katika kijiji cha ujamaa hakuna cha kusema hiki changu, hiki chako. Vitu vyote ni vyetu sote."

"Vizuri, Ndugu Mwenyekiti. Basi mbwa ni wetu sote."

Watu wakacheka. Ndugu Sabiti akagonga bakora chini. "Isipokuwa mbwa!"

Wakabishana mpaka karibu na magharibi, wakaafikiana masharti mawili, na katibu akayaandika: mbwa afungwe kamba huko uwanjani kwa Hemedi, na kila chombo cha maji kijijini kifunikwe.

"Na siku atakaponajisi maji ya watu?" akauliza Mwenyekiti.

"Siku hiyo," akasema Hemedi, "nitampakia mashuani kwa mikono yangu mwenyewe, nikamwache kisiwa kikubwa."

"Hilo ni neno lako?"

"Ni neno langu."

Watu wakaridhika. Hemedi akarudi nyumbani akiwa na maneno mawili ya kutunza, moja alilolitoa Mombasa na moja alilolitoa kwao, na katikati yake ameketi mbwa anajikuna.

Miezi ikapita. Mbwa alifungwa kwa kamba ya usumba aliyoisokota Hemedi mwenyewe, akanyweshwa kwenye kifuu chake, akalala chini ya kila chombo kilichoundwa. Hemedi alimwita "We", kwa kuwa kumpa mbwa jina aliona ni kuzidisha. Jioni aliosha mikono na miguu pwani kwa udongo na maji ya bahari kabla ya kukanyaga kizingiti, na Somoe alisimama mlangoni akihesabu. Somoe alikuwa binti wa marehemu Mwalimu Abdulrahmani, aliyesomesha chuo cha Kurani miaka thelathini, na mambo ya twahara aliyajua kuliko wanaume wengi waliokuwa wakiyatolea sauti. Hakumpa mumewe nafasi hata kidogo. "Hiyo ya sita," angesema. "Rudia."

Yalikuwapo mambo ambayo Hemedi aliona bora asiyafikirie. Mbwa alikuwa ananenepa kuliko chakula anachompa. Na nyuma ya jiko palikuwa na mtungi mdogo uliofunikwa kwa kifuu, na kando yake kopo la udongo mkavu uliochekechwa. Siku moja alitaka kunywa kutoka mtungi ule, Somoe akamrukia.

"Usiguse! Maji ya mchicha wangu hayo."

Mchicha wenyewe Hemedi hakuwahi kuuona. Lakini aliona mambo ya uani si ya kuchimbuachimbua, akanywa kwingine.

Basi likaja lile juma la mashua ya maji kuharibika. Ilipasuka ubao chini, ikapandishwa uwanjani kwa Hemedi, naye akaanza kuitengeneza huku kijiji kizima kikija kumuuliza kila saa itakwisha lini. Alhamisi nyumba ziligawiwa nusu debe kila moja. Ijumaa tangi lilikuwa la kuangaliwa tu. Zilikuwa zimebaki mbao mbili za kutia pamba, na Hemedi aliahidi kwamba Jumamosi mashua itashuka majini. Adhana ya Ijumaa ilipolia aliweka nyundo chini, akahakikisha kamba ya mbwa, akaenda kujiosha na kuvaa kanzu.

Walipotoka msikitini walimsikia Bi Biasha. Bi Biasha alikuwa na miaka zaidi ya sabini na sauti ya miaka ishirini, na sauti yote aliitumia siku hiyo.

"Jamani! Njooni mwone! Kaingia tangini!"

Mfuniko wa tangi ulikuwa umeegemezwa kando. Ndani, katikati ya maji ya kijiji, alikuwa amesimama mbwa wa Mombasa, maji yamemfika vifundoni, anakunywa kwa utulivu wa mtu aliyekaribishwa. Alipomwona Hemedi alitikisa mkia na kuwarushia watu wa mbele matone. Wakaruka nyuma wote kwa pamoja, na kanzu za Ijumaa zikakunjwa mpaka magotini.

Hemedi akainama tangini. Alimtoa, akamrudisha uwanjani ambako hakuna mwingine aliyetaka kuandamana naye. Pale akaona kamba. Alitegemea kuikuta imetafunwa. Haikutafunwa. Ilikuwa imefunguliwa, ikakunjwa duara tatu, na ncha ikapachikwa ndani, kama inavyokunjwa kila siku kamba ya kuanikia nguo uani kwake. Pembeni palikuwa na mkia wa changu uliochomwa vizuri, umetolewa miiba.

Halafu akamfunga mbwa, akaosha mikono yake pwani mara saba bila ya mtu kumhesabia, akarudi kwenye tangi.

"Kamba ni yangu," akawaambia. "Kosa ni langu."

"Basi maji yamwagwe," akasema Ndugu Sabiti, na sauti ikamkatika kidogo, kwani ni yeye aliyekuwa anatamka hivyo juu ya tangi lake.

Wanawake wakaguna. Bi Biasha akapiga kofi paja lake. Ndipo Somoe akajipenyeza mpaka mbele, mtandio umefungwa kisawasawa.

"Msimwage ovyo," akasema. "Simtetei mbwa. Nayatetea maji. Maji yakitimia kulataini, kile kipimo cha sheria, najisi haiyaharibu, ila yakibadilika rangi, ladha au harufu. Kulataini ni dhiraa moja na robo urefu, hivyohivyo upana, hivyohivyo kina. Pimeni kwanza. Imamu yupo hapa, aseme kama nakosea."

Imamu alikuwa mwanafunzi wa babake Somoe. Akasema hakukosea. Bi Biasha akainama akanusa tangi. "Harufu ya saruji," akatangaza. "Kama siku zote." Kuonja hakuna aliyejitolea, na rangi ilionekana haina neno.

Kupima ni kazi ya mtu mmoja Jibondo. Hemedi akaenda kuleta fimbo yake ya dhiraa, iliyotiwa alama vidole ishirini na vinne, ambayo kwayo alikata kila chombo alichopata kukiunda. Njiani alipiga hesabu kichwani. Tangi ni dhiraa tatu kwa tatu, yeye ndiye aliyelikatia mfuniko. Kwa upana ule kulataini ilihitaji vidole vitano na ziada. Kwa usalama, sita. Akawaambia hivyo. "Vikifika sita, maji ni safi na hapana kilichonajisika. Visipofika, yamenajisika."

Kila mtu akaelewa sehemu iliyobaki. Vikifika sita, mbwa naye anabaki.

Akainama, akasimamisha fimbo. Watu walikuwa nyuma yake, na hakuna aliyekuwa anaweza kuona alama ila yeye.

Vidole vinne.

Akaitoa, akaifuta, akaisimamisha tena. Vinne. Nyuma yake palikuwa kimya, na katika kimya kile alitambua jambo ambalo hakulitegemea: wote walikuwa wanataka sita. Mwenyekiti alitaka sita. Wanawake wenye madebe matupu walitaka sita, na Bi Biasha, na Imamu pia, ambaye alikuwa na wajukuu watano. Angesema sita wangeshukuru Mungu na kwenda kula. Mbwa angelala chini ya mashua jioni ile kama kawaida. Ni neno moja tu, na ulimwengu mzima ulikuwa umemsogelea kumsikiliza akilisema.

Lakini alasiri wangetawadha kwa maji yale. Wangesimama safu kwa safu, na sala zao zote zingesimama juu ya neno la Hemedi. Alimfikiria mbwa, akaufikiria ule mkokoteni, na ilimuuma kweli, ilimuuma kifuani mpaka akakohoa.

"Vinne," akasema.

"Pima ile kona," akasema Ndugu Sabiti haraka. "Pengine sakafu imebonyea."

"Sakafu niliisawazisha mimi, Ndugu Mwenyekiti. Haikubonyea."

"Hata kidogo?"

"Vinne."

Somoe alikuwa anamtazama mumewe. Alimtazama namna ambayo hakuwa amemtazama tangu siku za uchumba, na Hemedi, aliyekuwa ameinamisha kichwa juu ya fimbo yake, hakuiona.

"Bado msimwage," Somoe akasema. "Maji machache yakinajisika, yakaongezwa mengine mpaka yakatimia kulataini, nayo hayakubadilika, yanakuwa twahara yote. Vimepungua vidole viwili. Hayo ni kama madebe manne. Mkimwaga mnapoteza manane."

Imamu alifikiri, akahesabu jambo kwenye vidole vyake, akasema, "Ndivyo."

Mwanzoni hakuna aliyesogea. Kila nyumba ilikuwa imebakiza kitu kidogo, na kila nyumba ilidhani hakuna anayejua. Kisha Bi Biasha akaenda kwake akarudi na birika. "Mnanitazama nini?" akasema. "Nikimimina hapa si nitateka hapahapa?" Baada yake akaja jirani yake Mwanasha na kibuyu, kisha mke wa Imamu na nusu debe, na Ndugu Sabiti mwenyewe akatoa gudulia ambalo mkewe alidhani limekwisha jana. Hemedi aliendelea kupima. Vidole vitano. Vitano na nusu. Vitano na nusu na unywele. Kisha watu wakaanza kugeuza vyombo vyao juu chini kuonyesha ukavu.

"Imebaki kidogo sana," akasema Hemedi. "Mtungi mmoja tu."

Somoe akaondoka. Aliporudi alikuwa na mtungi kichwani, mdogo, umefunikwa kwa kifuu. Akaushusha, akaumimina wote mpaka tone la mwisho, hakumwangalia mtu.

"Sita," akasema Hemedi. Fimbo ilikuwa mkononi mwake lakini macho yake yalikuwa kwenye mtungi wa mchicha, na mambo ya miezi mitano yakaanza kujipanga kichwani mwake moja baada ya jingine: unene wa mbwa, kopo la udongo, ule mkia wa changu usio na miiba. Mtu haweki akiba ya maji ya kuoshea mikono mara saba kama mikono yake haina pa kwenda.

Kelele za furaha zilipotulia, Ndugu Sabiti alirekebisha kofia. Uso wake haukuwa na raha. "Maji tumeyaokoa. Lakini yalinajisika kwanza, na fundi alitoa neno."

"Nililitoa," akasema Hemedi. "Kesho mashua inashuka. Safari yake ya kwanza nitampakia."

"Hapana," akasema Somoe. "Kamba niliifungua mimi."

Bi Biasha akashika mdomo.

"Kila Ijumaa mkiingia msikitini mimi humfungua anyooshe miguu. Humlisha pia. Mbwa mkavu na mkono mkavu hapana neno, lakini huyu ana ulimi, basi nikitoka pale naosha mara saba, ya kwanza kwa udongo, kwa maji ya sehemu yangu, maana pwani ningeonekana. Sikumwibia mtu." Akakaza mtandio wake. "Nilimwambia mume wangu sitajuana na mbwa, nikajuana naye siku ya tatu. Haya, nimesema."

"Basi sharti mmelivunja," akasema Ndugu Sabiti.

"Masharti yalikuwa mawili, Ndugu Mwenyekiti. Mbwa afungwe, vyombo vifunikwe. La kwanza nimelivunja mimi. La pili nani? Mfuniko ule una komeo, na mbwa hana vidole."

Watu wakatazamana. Bi Biasha alizunguka tangi polepole, akainama upande wa pili, akainuka na kitu cheusi, kirefu.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema, "bakora yako hii hapa."

Jua lilikuwa kali, lakini halikuwa jua lililomtoa jasho Ndugu Sabiti. "Nilikuwa nakagua," akasema. "Adhana ikanikuta. Nikasema nitarudi kufunika, nisichelewe hotuba." Akapokea bakora yake. "Nikasahau."

Aliyeanza kucheka alikuwa mkewe, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Walicheka mpaka Imamu akakaa chini. Hemedi peke yake hakucheka.

"Nacho nilichosema?" akauliza. "Neno langu je?"

Ndugu Sabiti alimtazama yule mtu aliyepima vidole vinne na kusema vinne mara mbili. Akaacha sauti yake ya barazani.

"Neno hilo ulinipa mimi, Hemedi, mbele ya watu. Nami nakurudishia, mbele ya watu. Katibu, haya usiyaandike."

Alasiri ilipokwisha kusaliwa Hemedi alirudi uwanjani kumalizia mbao mbili. Safari hii Somoe alifuatana naye mchana kweupe, mtungi mtupu kiunoni, kwa sababu alisema hana kazi nyingine. Hemedi alipiga nyundo kwa muda.

"Mama Hasina," akasema bila kugeuka. "Mchicha umeota?"

"Piga nyundo yako."

"Umempa na jina?"

Somoe akauweka mtungi chini. "Mgeni," akasema. "Nilimwona siku ile umemshusha, ametazama watu wote mmoja mmoja, hajui wa kumwendea. Nikaingia ndani nikalia. Sikutaka unione."

Mbwa alisikia jina lake, akainuka chini ya mashua, akaja mpaka mwisho wa kamba. Alipofika urefu wa mkono kutoka kwa Somoe alisimama mwenyewe, akaketi, akangoja, kama aliyefundishwa utaratibu.

"Leo usinisogelee, Mgeni," Somoe akamwambia. "Sina maji. Nimemimina yote, na bahari imekupwa mbali."

Mgeni akaendelea kungoja.

Hemedi aliweka nyundo chini. Kwenye kivuli cha mashua alikuwa na kata yake ya maji ya kunywa, mgao wa mtu mmoja mpaka kesho, aliyoiteka tangini baada ya sala, hajaigusa bado. Akaichukua, akaokota konzi ya udongo, akachuchumaa karibu na mkewe.

"Mshike tu," akasema. "Nitakumiminia mimi."